Vyumba Viwili vya Katikati

Jambo la kwanza katika kupima ni kusalimia. Najua vijana wa ofisini mtacheka, maana siku hizi mnafika na kile kimashine chenu, mnakielekeza angani, kinalia, mnaondoka bila kumjua hata jina mwenye nyumba. Sikatai, kinapima vizuri kuliko macho yangu. Lakini siku ile mliponiaga, mkanipa kitenge na keki na hotuba zisizokwisha, mmoja wenu aliuliza, "Mama Koku, zamani mlikuwa mnapimaje?" Nikajibu, "Kwa miguu," watu wakacheka, soda zikafunguliwa, swali likapotea. Mimi sikulipoteza. Nimelijibu hapa, na kama jibu ni refu kuliko mlivyotaka, basi mlipaswa kuuliza swali fupi.

Nilianza kazi mwaka wa vita, mwaka sabini na nane. Gari la ofisi lilikuwa limekwenda kubeba chakula cha askari, na mkuu wa ofisi alikuwa haonekani mezani kwa sababu za vita pia, au alisema hivyo. Nilichokikuta ni nyundo, fungu la vigingi vya chuma, tepu ya mita thelathini, na Mzee Ndyanabo. Tepu ilikuwa imekatika mwanzoni kabisa, kipande cha mita ya kwanza hakikuwepo, kwa hiyo kila kipimo tulianzia kwenye moja badala ya sifuri, kisha tukaondoa moja mwishoni. Msije mkadhani hilo ni jambo dogo. Nusu ya ugomvi wa viwanja vya zamani katika wilaya hii ulitokana na watu waliosahau kuondoa ile moja, na nusu nyingine na watu waliokumbuka mara mbili.

Mzee Ndyanabo alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, maana mama yangu alisema mtu akienda kazi ya serikali lazima asikike anapokuja.

"Wewe ndiye msaidizi wangu?"

"Ndiyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu, mwanangu, vitakufikisha kanisani tu."

Kesho yake nilikuja na raba za kaka yangu, na nimevaa raba hadi nastaafu.

Alikuwa Mnyambo wa Bweranyange, mwembamba, koti moja la kijivu masika na kiangazi, na mfuko wa kulia wa koti lile haukukosa kahawa ya kutafuna. Haya mnayajua: matunda ya kahawa yachumwe mabichi, yachemshwe na majani yake ya harufu, yaanikwe, kisha mgeni apewe kabla hajaulizwa shida yake. Mzee Ndyanabo hakupima nyumba ya mtu kabla ya kukaa, kupewa kahawa, kutafuna, na kuuliza ng'ombe wanaendeleaje hata pale ambapo hapakuwa na ng'ombe. Mwanzoni nilikuwa nikikereka. Jua linapanda, tepu ya chuma ikipata joto inatanuka, na yeye anauliza habari za mashangazi. Baadaye nikaelewa kwamba wakati ule ndipo alipokuwa anapima. Aliniambia, "Mti wa mpaka haujui kusema. Wanaosema ni majirani, nao hawasemi na mtu aliyesimama."

Mti wa mpaka kwetu ni mlamula, ule wenye majani marefu kama visu, unaopandwa kwenye kona za kibanja, shamba la migomba la mtu. Pale Bugene tulikuwa na bwana mmoja ambaye milamula yake ilikuwa na tabia ya kutembea. Kila masika ilisogea hatua chache kwa jirani, yenyewe, kwa neema ya Mungu. Tulikaa kwake, tukatafuna kahawa, Mzee Ndyanabo akausifu sana ule mstari wa milamula jinsi ulivyonyooka na jinsi majani yalivyokuwa bado mabichi, mpaka mke wa yule bwana akatoka jikoni akasema, "Itakosaje kuwa mibichi, si ameipanda juzi!" Kesi ikaishia hapo. Hatukufungua hata tepu.

Hayo yalikuwa mazoezi. Kazi yenyewe, ile ambayo hata leo nikipita Bugene nageuza shingo, ilikuwa ya Laini.

Laini ilikuwa nyumba moja ndefu ya matofali ya kuchoma, kando ya barabara ya kwenda Kayanga. Tajiri mmoja wa kahawa aliijenga enzi za mkoloni kwa ajili ya vibarua wake, watu waliovuka mto kutoka Rwanda na Burundi wakaja kupalilia na kuchuma. Tajiri akaondoka, shamba likagawanywa, na nyumba wakaachiwa wale waliokuwa wanalala ndani yake, kila familia vyumba vyake viwili. Milango sita, paa moja, jiko moja la nyuma, mparachichi mmoja. Watoto wa pale walicheza kwa Kinyambo, wakaomba chakula kwa Kinyarwanda au Kirundi, wakachapwa shuleni kwa Kiswahili. Siku hizi nasoma magazetini habari za watu wa Dar es Salaam wanaonunua vyumba ndani ya jengo la wengi, kila mtu na hati yake, kana kwamba ni maajabu mapya. Sisi tulikuwa nayo Bugene, ila hatukuwa na lifti.

Kitu kimoja muhimu: Laini haikuwa na dari. Kuta za ndani zilipanda hadi urefu wa mtu wa kawaida, zikaishia hapo, na juu yake hewa ilikuwa ya wote. Boriti za paa zilipita juu ya kuta kutoka mlango wa kwanza hadi wa sita, zimeungwa zikashikana. Mtu akikohoa mlango wa pili, wa tano anamwambia pole.

Vyumba vya katikati vilikuwa vya Mama Perusi. Alikuwa mjane wa Kinyarwanda, mlokole wa Kilutheri, msafi kupita kiasi, mkali kidogo, na Mungu hakumpa mtoto. Katika miaka ya themanini alitangaza kwamba anauza. Mteja hakukawia, Bwana Kamugisha, mwenye duka Kayanga, kijana wa Kinyambo mwenye haraka zake. Alivitaka vyumba vile kwa sababu vilitazama pale njia ya soko inapoingia barabarani. Malipo hayakuwa fedha. Kamugisha alikuwa na kibanja Bweranyange alichoachiwa na baba yake, migomba imezeeka na yeye hana muda nayo. Akasema: nipe vyumba, nikupe kibanja.

Mtu asiye wa huku anaweza asione uzito wa neno hilo. Huku kwetu mtu huzikwa kwenye migomba yake. Asiye na kibanja huzikwa kwenye kiwanja cha kanisa, kwa heshima zote, kwa nyimbo, lakini ni kama mgeni aliyelazwa sebuleni. Mume wa Mama Perusi alilazwa huko. Tulipofika kumpimia alituambia sababu yake waziwazi, huku akitutengea kahawa na mramba, maji matamu ya ndizi, maana pombe haikuingia kwake.

"Tangu nivuke mto napalilia migomba ya watu, mzee. Nataka nikate mkungu bila kupiga hodi. Na siku yangu ikifika nataka nilale kwangu."

Mzee Ndyanabo alitafuna kahawa yake polepole, kisha akamwita kwa neno letu la heshima. "Ni haki yako, waitu. Na huyu hapa nyuma ya ukuta ni nani?"

"Sindayigaya na mkewe."

"Wameulizwa?"

"Waulizwe kwa nini? Hao si ukoo wangu. Mimi hapa sina ukoo, mzee. Ukoo wangu niliuacha ng'ambo."

Upande wa pili wa ukuta Mama Konsolata, mke wa Sindayigaya, alikuwa anatwanga. Mchi ulinyamaza. Sote watatu tuliusikia ulivyonyamaza, na Mama Perusi naye akainamia kikombe chake, lakini neno lilikuwa limekwisha pita juu ya ukuta.

Nilianza kupima kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Urefu hauna shida. Shida ni upande: chumba chake kinaishia wapi? Nilimwuliza mzee kama tuugawe ukuta katikati, nusu yake na nusu ya jirani, kama nilivyofundishwa kozini.

"Uliwahi kuona nusu ya ukuta imesimama?" akasema. "Andika ukuta ni wa wote wawili, twende nje."

Nje alikuwa amesimama Sindayigaya, Mrundi mfupi mwenye mikono ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Hakutusalimia. Alinyoosha kidole paani.

"Bwana Kamugisha amesema atavunja hivyo vyumba ajenge duka refu lenye bati jipya. Amekuambia hilo?"

"Nimesikia," alisema Mzee Ndyanabo.

"Boriti hizi ni moja. Ukikata katikati, huku kunalala na kule kunalala. Hizi boriti tulipandisha mimi na marehemu mume wake, tajiri alipoondoka na paa likawa linavuja. Yeye huku, mimi kule, na Perusi chini anatuimbia pambio ili tusianguke." Akashusha kidole. "Lakini siyo paa lililoniuma. Paa nitaezeka tena. Ameniambia mimi si ukoo. Mimi nilimbeba mume wake kumpeleka makaburini."

Mzee alimsogelea. Alimpa kahawa kutoka mfukoni, na Sindayigaya akaipokea kwa mikono miwili, maana hasira ni hasira lakini adabu ni adabu.

Kwa ofisi yetu jambo lilikuwa limekwisha: mwenye mali anataka kuuza, mnunuzi yupo, pimeni kule na huku, mlete. Tukaenda Bweranyange kupima kibanja. Lori la kahawa lilitufikisha njia panda, sehemu iliyobaki tukamalizia kwa miguu, mimi na tepu yangu, Mzee Ndyanabo na koti lake, Mama Perusi amevaa gauni la Jumapili, Kamugisha mbele kabisa kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Kibanja kilikuwa kizuri. Kilihitaji kupogolewa tu. Mama Perusi aliingia kati ya migomba, akashika mgomba mmoja shinani, akang'oa magamba makavu bila kujua kwamba anafanya kazi, akahamia wa pili. Nilikuwa na umri ambao mtu anajiona mgumu, lakini pale nilifurahi hadi nikasahau tepu mkononi.

Tatizo lilikuwa limekaa kwenye kigoda kando ya njia. Mzee Rutabingwa, baba yake mdogo Kamugisha na mkubwa wa ukoo wao, alikuwa amekuja na wazee wenzake. Kibanja cha ukoo hakitoki nje bila ukoo kuulizwa, hilo Kamugisha alilijua, na alikuwa amekwisha leta rubisi, pombe ya ndizi, ya kulainisha mambo. Wazee wakanywa. Mama Perusi akapewa kata, akaishukuru, akairudisha, akaletewa mramba. Mzee Ndyanabo, Mlutheri wa Jumapili tu, alikunywa vyote viwili ili asimuudhi mtu.

Kisha Mzee Rutabingwa akauliza, "Huyu mama ni wa ukoo gani?"

"Baba mdogo, ni mabadilishano tu," alisema Kamugisha. "Mimi napata vyumba, yeye anapata shamba. Ukoo wake wa nini?"

"Hata mbuzi tukibadilishana tunaulizana ni wa nani. Humu wamelala babu zetu. Huyu mama akifa, tutamwambia nani pole? Akisogeza mpaka, tutamshitaki kwa nani? Sikatai kumpa, waitu, nimeona alivyoshika mgomba. Lakini asiye na watu hatumpi shamba. Alete watu wake, wakae pale, sisi tukae hapa, tule kahawa pamoja. Ndipo kibanja kitoke."

Wazee wakaitikia. Kamugisha alipandisha sauti, akashusha, akapandisha tena, haikusaidia. Nikamtazama Mama Perusi. Alikuwa bado ameshika gamba kavu la mgomba, na mimi nilikuwa nimemsikia akisema pale Laini, kwa sauti ya kupita ukuta, kwamba watu hana.

Njia nzima ya kurudi Mama Perusi hakuliachia gamba lile. Tulipokaribia Bugene akanivuta mkono.

"Mwanangu, wewe una maneno mazuri. Nenda kwa Sindayigaya, umweleze."

"Mama, hilo halipimwi kwa tepu. Nenda mwenyewe, mimi nitakusindikiza hadi mlangoni."

Nilimsindikiza. Milango ya Laini haikuwa na hodi baina yao. Mtu aliingia tu huku akiuliza kama kuna chumvi. Jioni ile Mama Perusi alisimama nje ya mlango wa jirani yake wa miaka yote, akapiga hodi.

"Karibu, mgeni," alijibu Sindayigaya kutoka ndani. Neno lile lilimpata.

Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akaeleza yote ya Bweranyange bila kujitetea. Sindayigaya alimsikiliza hadi mwisho.

"Ukoo wako si uko ng'ambo?" akasema. "Waite."

"Sindayigaya, fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Ah! Leo umeijua fimbo ya karibu. Na hiyo fimbo ikija Bweranyange kukusimamia, inakuja kufanya nini? Inakuja kukuuza, na kuuza paa lake yenyewe. Unaniomba nipande lori, nivae koti, nikale kahawa ya kubomolewa nyumba yangu."

"Najua ninachokuomba." Sauti yake ilipungua. "Nilisema vibaya. Nilisema kwa sababu niliogopa. Nilijua nikiwauliza mtasema nisiondoke, na mimi nikiambiwa nisiondoke sitaondoka. Nitazikwa kanisani kama marehemu mume wangu."

Hapo Mama Konsolata, ambaye muda wote alikuwa anachambua maharage kana kwamba hayumo, akamgeukia mumewe.

"Baba Gaudensia. Nani alimpokea Gaudensia siku anazaliwa, wakati wewe umelala na homa na mvua imekata njia?"

"Perusi."

"Basi tafuta koti lako."

Akalitafuta. Nami nilitoka nje nikajifanya nakunja tepu, ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa tangu Bweranyange.

Siku ya kula kahawa Laini nzima ilikwenda. Milango sita ilifungwa, jambo ambalo halikupata kutokea, na kuku wakaachiwa mzee mmoja mgonjwa wa miguu. Walikuja Wakatoliki na Walutheri, Warundi na Wanyarwanda, wamevaa nguo za kanisani, Sindayigaya mbele na koti lililombana mabegani. Mzee Ndyanabo alitembea naye sambamba kutoka njia panda, wanaongea chini chini. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama, sikusikia kitu.

Wakakaa upande wao. Ukoo wa Rutabingwa ukakaa upande wake. Kahawa ikawekwa katikati kwenye kisahani cha ukindu. Mzee Rutabingwa akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu kidogo.

"Karibuni, waitu. Nyinyi ni ukoo gani?"

"Ukoo wa Laini," alisema Sindayigaya.

Vijana wa upande ule wakacheka. Mzee Rutabingwa hakucheka. Alikuwa mtu wa mila, na mtu wa mila akianza jambo hulimaliza kwa mpangilio wake.

"Sijausikia ukoo huo, lakini watu nawaona. Haya. Kila ukoo una mwiko wake. Sisi kuna mnyama hatumli, na anayekula kahawa nasi hatuletei nyama yake mbele yetu. Mwiko wenu nyinyi ni nini, tuujue tuuheshimu?"

Watu wa Laini wakatazamana. Nilimtazama Mama Perusi, naye aliangalia mikono yake. Niliwaza, yameharibika hapa, kwa swali la nyama. Ndipo Sindayigaya akasimama, akalivuta koti chini.

"Mwiko wetu ni kubomoa, mzee. Mtu wa Laini habomoi paa."

Hapakuwa na aliyecheka safari hii. Mzee Rutabingwa akageuka taratibu kumtazama mtoto wa kaka yake.

"Kamugisha. Umeusikia mwiko wa watu unaokwenda kukaa nao?"

"Baba mdogo, mimi nanunua vyumba! Sijanunua mwiko!"

"Hakuna anayechukua vyumba akauacha mwiko."

"Ni wewe uliyetaka ukoo. Mimi sikuutaka."

"Niliutaka, na wameuleta. Sasa ukitaka vyumba, kahawa hiyo hapo. Usipotaka, chukua rubisi yako iliyobaki, kibanja kinakungoja ukipogoe mwenyewe."

Mkono wa Kamugisha ulikwenda hadi kwenye kisahani ukasimama juu yake. Angekuwa mgeni asiyejua mila, angetafuna akaenda kuvunja kesho yake. Lakini alikuwa Mnyambo, amezaliwa humo humo kwenye migomba ile, na alijua kwamba akishatafuna na watu wale, kisha akavunja mwiko wao, hatapata mtu wa kumzika. Ndiyo maana mkono ulisimama. Mama Perusi alikuwa amefumba macho. Nadhani alikuwa anaomba. Kibanja chake chote kilikuwa chini ya vidole vile.

Kamugisha akachukua tunda moja la kahawa, akalipasua. Ndani mlikuwa na punje mbili, kama kawaida. Moja akatia mdomoni, ya pili akampa Sindayigaya, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza kwinini.

"Tafuna, mzee wangu," akasema. "Tafuna tumalize, nina duka la kufungua."

Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilipima kibanja kile kwa tepu iliyokosa mita ya kwanza, nikaondoa moja kila upande, na nikarudia mara mbili kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji.

Nilimwuliza Mzee Ndyanabo, tukiwa tumebaki wawili njiani, aliongea nini na Sindayigaya kutoka njia panda.

"Habari za ng'ombe," alisema.

"Sindayigaya hana ng'ombe, mzee."

"Ndiyo maana mazungumzo yalikuwa mafupi."

Hakusema zaidi, wala alipostaafu na kuniachia tepu hakusema zaidi. Nilijifunza kwake kwamba mpimaji anayesimulia kila alichonong'ona hapewi kahawa tena.

Kamugisha alifungua duka lake ndani ya vyumba viwili vya katikati kama vilivyokuwa. Alitoboa dirisha kubwa upande wa barabara, na hilo Laini walimruhusu baada ya kikao. Boriti haikuguswa. Ilikuwa chini mno kwa mtu wa urefu wake. Mwaka wa kwanza ilimpiga kichwa kila siku, mwaka wa pili akawa anainama bila kufikiri, na mteja yeyote aliyegonga kichwa alipewa pipi. Aliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Kwa kuwa hapakuwa na dari, Mama Konsolata aliagiza sukari kwa kuita tu juu ya ukuta, na Kamugisha aliijua homa ya kila mtoto kabla mama yake hajatoka nje. Alianza kwa kulala Kayanga. Kisha mvua ikawa inamkuta, akalala dukani. Kisha akaacha kutafuta sababu.

Mama Perusi aliipogoa ile migomba, akaiwekea mbolea, na mavuno ya kwanza mkungu mkubwa ulikuja Laini juu ya baiskeli. Gaudensia alipokuwa mkubwa wa kutosha alikwenda kukaa naye, na hadi leo ndiye anayekata ndizi pale bila kupiga hodi. Mimi nikiwa na kazi za upande ule nilipita kusalimia. Alinionyesha kila safari mahali alipopachagua, kati ya migomba miwili mikubwa, kama mtu anayekuonyesha chumba cha wageni alichokitandika vizuri.

Alikwenda kulala hapo katika miaka ya tisini, ameshiba siku. Nilikwenda na raba zangu. Watu walikuwa wengi, mapambio ya walokole upande huu, rozari ya akina Konsolata upande ule, na kaburi lilikuwa pale pale alipopaonyesha. Mzee Rutabingwa alikuwa bado hai, haoni vizuri, ameshikwa mkono na mjukuu. Ukoo wake ulikuwa umekaa mahali pake, na Kamugisha, sasa mtu mzima mwenye mvi, amekaa nao kama inavyopasa, mtoto wa ukoo kwenye ukoo wake.

Mzee akasema kwa sauti, kama mila inavyotaka, "Watu wa marehemu wasimame, tuwape pole."

Laini wakasimama. Sindayigaya kwa fimbo, Mama Konsolata, Gaudensia, milango yote iliyobaki. Ndipo nikaona Kamugisha naye anasimama. Alitoka kati ya baba zake wadogo na kaka zake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akainama kidogo alipopita chini ya jani la mgomba, ingawa lilikuwa juu, na akasimama kando ya Sindayigaya.

Mjukuu akamnong'oneza mzee. Mzee akageuza uso upande ule.

"Kamugisha, wewe si wa kwetu? Unafanya nini huko?"

"Baba mdogo," alisema, "mimi nakaa Laini."

Mzee Rutabingwa akaagiza apewe nafasi kwenye mkeka wa wafiwa, na watu wa Laini wakasogea.